Dawa ya Meno ya Kujitengenezea Haitaondoa Madoa Yaliyotoka Majini

Swali: "Daktari, hujambo? Naishi Njoro, ingawa kwetu ni Kisumu. Tulipohamia huku, kifungua mimba wangu alikuwa na miaka minane. Sasa yuko kidato cha nne na meno yake ni meupe. Wa pili alizaliwa hukuhuku Njoro, ana miaka tisa. Meno yake ya mbele ya ukubwani yametoka na madoa ya kahawia, na mawili yana vishimo vidogo. Shuleni wanamcheka, na siku hizi akifurahi anaziba mdomo kwa mkono. Dawa ya meno tunayotumia ni ileile tangu Kisumu. Shemeji yangu ananiambia floridi iliyo katika dawa za dukani ndiyo inayochoma meno ya watoto, tena nitazame ule mraba ulio chini ya tyubu: ukiwa mweusi ni kemikali tupu, ukiwa wa kijani ni ya asili. Yetu ina mweusi. Amenifundisha kutengeneza dawa nyumbani kwa mkaa uliosagwa, mafuta ya nazi, soda ya kuokea, maji ya ndimu, unga wa maganda ya mayai na mafuta ya karafuu. Nina mwingine wa mwaka mmoja na nusu ambaye bado ananyonya, na sitaki naye yampate. Maji yetu ni ya kisima cha mashine cha jirani, ni masafi kabisa na huwa nayachemsha. Je, nianze kutengeneza?"

Sijambo, mama. Jibu la swali lako umelileta wewe mwenyewe bila kujua: watoto wawili, dawa ya meno moja, maji mawili tofauti. Kama dawa ndiyo ingekuwa mkosaji, kifungua mimba wako angekuwa wa kwanza kuumia, maana ndiye aliyeitumia kwa miaka mingi zaidi.

Naelewa hofu yako. Unawaza kwamba kila asubuhi na jioni umekuwa ukimpaka mwanao kitu kibaya kwa mkono wako mwenyewe. Hukufanya hivyo. Kwa jinsi unavyoyaeleza, madoa ya mwanao yanaelekea sana kuwa florosisi ya meno, yaani jino kuharibika kwa floridi iliyozidi wakati linajengwa, na katika eneo mnaloishi chanzo chake kikubwa ni maji ya kunywa na kupikia. Nasema "yanaelekea" kwa sababu sijamwona. Florosisi ina tabia ya kupiga meno kwa jozi: jino la kulia likiwa na doa, mwenzake wa kushoto naye huwa nalo, kwa umbo linalokaribiana. Kama doa liko kwenye jino moja tu, huenda ni kuoza, au ni kovu la kuanguka akiwa mdogo, na hapo mambo ni mengine.

Sasa nikueleze linavyotokea, maana ukilielewa hili maswali mengine yatajijibu. Meno ya ukubwani ya mbele hayaanzi kuumbwa mtoto anapong'oka yale ya utotoni. Huanza ndani ya taya miezi michache tu baada ya kuzaliwa. Chembe hai zinazojenga ganda gumu la nje, yaani enameli, kwanza hutandaza protini, kisha huiondoa polepole na kujaza madini mahali pake. Floridi ikizidi mwilini wakati huo, kazi ya kuondoa protini huvurugika na madini hayajai sawasawa. Jino linatoka likiwa na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Siku za kwanza huonekana jeupe la chaki. Baadaye chai na vyakula vinaingia kwenye matundu hayo na rangi inageuka kahawia, na penye udhaifu zaidi enameli inabanduka na kuacha vishimo. Ni kama ukuta uliopigwa plasta mbovu: doa limo ndani ya plasta yenyewe, na kuusugua ukuta kutakumalizia sabuni bure.

Meno yote isipokuwa magego ya mwisho huwa yamekamilisha enameli yake mtoto anapofikia miaka minane hivi. Ya mbele ya juu yako hatarini zaidi katika mwaka wa pili na wa tatu wa maisha. Baada ya hapo hata mtu akinywa maji yenye floridi nyingi, florosisi ya meno haimpati tena. Ndiyo sababu kifungua mimba wako aliponyoka: alifika Njoro meno yake yakiwa yameshajengwa, kwa maji ya Kisumu yanayovutwa kutoka ziwani, ambayo floridi yake ni kidogo.

Njoro ni habari nyingine. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na maji yaliyokaa miaka mingi ndani ya miamba hiyo huyeyusha floridi iliyomo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita ya maji ya kunywa, na Kenya inafuata kiwango hichohicho. Visima virefu vingi vya Njoro, Elementaita na sehemu nyingine za Nakuru vimepimwa na kukutwa vimekipita, vingine kwa mara kadhaa. Lakini si vyote. Visima viwili vinavyotazamana vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo usikisingizie kisima cha jirani kabla ya kukipima. Na usidanganywe na usafi wake: floridi haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floridi hubaki sufuriani. Maji yakipungua kwa mvuke, kilichobaki ndicho kikali zaidi. Klorini nayo haiigusi.

Wewe si mzazi wa kwanza kuona kitu ambacho wataalamu walikuwa bado wanakitafuta. Mwaka 1923, katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, Marekani, wazazi walimwambia daktari wa meno Frederick McKay kwamba madoa ya watoto wao yalianza baada ya mji kuvuta bomba la maji kutoka chemchemi ya maji moto. Wakabadilisha chanzo cha maji. Watoto waliokua baada ya hapo wakatoka na meno safi. Miaka minane baadaye, 1931, wanakemia ndipo walipoitambua floridi kuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya maji ya aina hiyo.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapochanganya dawa ya meno na maji. Dawa ya kawaida ina floridi sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu tunapaka kiasi cha punje ya mchele, ambacho kina takriban miligramu 0.1 za floridi hata akikimeza chote. Kama kisima chenu kina, tuseme, miligramu 4 kwa lita, kikombe kimoja cha robo lita kinampa miligramu 1. Kikombe kimoja cha uji, basi, ni sawa na punje kumi za dawa. Na mtoto hanywi kikombe kimoja kwa siku.

Hata hivyo shemeji yako hajakosea kila kitu. Mtoto mdogo anayelamba dawa kwa sababu ina ladha ya matunda, anayejaza mswaki wote kama kwenye matangazo ya biashara, anaweza kujiongezea floridi ya kutosha kuleta madoa meupe mepesi. Ndiyo maana kiasi ni punje ya mchele kabla ya miaka mitatu na njegere moja kati ya mitatu na sita, na anayeikamua tyubu ni mtu mzima.

Kuhusu ule mraba wa rangi, hauelezi lolote juu ya kilichomo. Ni alama inayosomwa na jicho la mashine kiwandani ili ijue mahali pa kukata na kufunga tyubu. Rangi huchaguliwa ili ionekane vizuri juu ya rangi ya tyubu, basi. Ukitaka kujua kilichomo, soma orodha ya viambato.

Sasa tuje kwenye ile dawa ya nyumbani, na nitaipitia kitu kwa kitu, kwa sababu ndani yake kuna kisicho na madhara na kuna kitakachomuumiza mwanao.

Ndimu iondoe leo hii. Enameli huanza kuyeyuka pale pH ya mdomo, yaani kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, inapokuwa chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako kati ya 2 na 3. Ukiyapaka halafu ukasugua, unakwangua tabaka lililokwisha kulainishwa. Meno yataonekana kung'aa wiki ya kwanza, na hicho ndicho kinachowadanganya watu. Halafu enameli inazidi kuwa nyembamba, rangi ya njano ya dentini iliyo chini inajitokeza, na maji baridi yanaanza kuuma. Kwa mtoto mwenye florosisi ni vibaya zaidi, maana enameli yake tayari ina matundu. Ukichanganya ndimu na soda vitatoa povu jingi, na watu hulipenda povu hilo wakidhani ni nguvu ya dawa, kumbe ni asidi na soda vinauana.

Mkaa. Najua unauzwa sasa hata kwenye vikopo vya bei. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu mkaa wa kusafishia meno, na waandishi hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha meno au kwamba ni salama. Huo ni mkaa wa kiwandani, uliosagwa kwa uangalifu. Mkaa wa jikoni kwako una majivu, na una chembe za mchanga ulioshikamana nao tangu tanurini. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, enameli iko kwenye 5 na mchanga wa kwatzi kwenye 7. Unajua nani atamkwaruza mwenzake. Tena unga mweusi hukwama chini ya ufizi na kwenye vishimo kama vile vya mwanao, na doa la kahawia likageuka jeusi. Majivu ya jikoni, waliyotumia wazee wetu wengi magharibi mwa Kenya kwa kidole, yana kasoro hiyohiyo pamoja na ukali wa magadi unaochoma ufizi. Na kwa kuwa wengine huniuliza: odowa pia usiisage kupigia mswaki. Ni udongo, wenye chembe ngumu, na udongo wa aina hiyo waweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Maganda ya mayai ni kalisi kaboneti, kweli ni madini ya kalisi, lakini kuyapaka juu ya jino hakulirudishii jino kalisi iliyopotea. Hayayeyuki mdomoni kwa kiasi cha maana. Yanafanya kazi ya kukwaruza tu, na ukiyasaga kwa kinu cha nyumbani chembe hazilingani. Yakiwa hayakuchemshwa yanaweza pia kubeba vijidudu vya salmonela. Yaache.

Mafuta ya karafuu ni dawa halisi, na ndiyo sababu nayaogopa nyumbani kwenye watoto. Kiungo chake, eujenoli, hufisha ganzi jino linalouma, nasi tunakitumia kliniki. Lakini mafuta hayo yakiwa safi huunguza ngozi laini ya mdomo, na mtoto mdogo akimeza kijiko kimoja cha chai ini lake laweza kuumia vibaya. Kama unayo kichupa, kiweke juu asikofika huyo wa mwaka mmoja na nusu.

Mafuta ya nazi hayana neno. Hayang'arishi wala hayazuii kuoza kwa namna iliyothibitishwa vizuri, ila yanashikanisha unga ukawa dawa laini. Na soda ya kuokea ndiyo mwanachama bora wa kundi lote. Ni laini kuliko enameli (2.5 kwa kipimo kilekile), inayeyuka upesi mdomoni, na inapunguza asidi. Angalia tu usikosee pakiti. Unayotaka ni sodiamu bikaboneti peke yake. Poda ya kuumulia mandazi na keki ina asidi kavu na wanga ndani yake. Na magadi, yale ya mawe tunayolainishia mboga na maharagwe, hayafai kabisa: ni makali sana kwa ufizi, na mengine yana floridi nyingi.

Basi ukitaka kutengeneza, fanya hivi. Changanya vijiko vitatu vya chakula vya soda ya kuokea na viwili vya mafuta ya nazi, uweke kwenye kopo dogo la glasi lenye mfuniko, bila maji hata tone. Maji ndiyo yanayoleta ukungu na bakteria. Watu wazima wakitaka harufu, tone moja au mawili ya mafuta ya mnanaa ya chakula yanatosha. Kwa mtoto usiweke. Chota kwa kijiko kikavu, kiasi cha punje ya haragwe, mswaki usizamishwe ndani ya kopo kamwe, na kila mtu awe na kopo lake. Usishangae ikiganda asubuhi: mafuta ya nazi hukaza chini ya nyuzijoto 24 hivi, na baridi ya Njoro unaijua. Dada yako wa Kisumu akiiga kipimo hiki yake itakuwa mchuzi, apunguze mafuta. Mkimaliza, msiteme kwenye sinki, mafuta yataziba bomba. Ladha yake ni ya chumvi na haitoi povu, lakini povu halikuwahi kusafisha jino lolote. Na ukweli ni kwamba hata bila mafuta, mswaki uliolowa ukachovya soda kidogo kiganjani unafanya kazi ileile kwa senti chache.

Hilo litasafisha. Halitalinda, na nataka utofautishe mambo haya mawili kabla hujaitupa ile tyubu.

Kinachoozesha meno ni utando wa bakteria unaojishikiza juu ya jino. Ukila sukari, bakteria wanaigeuza asidi ndani ya dakika chache, pH inashuka, madini yanaanza kutoka kwenye enameli. Mate huchukua nusu saa au zaidi kuituliza asidi hiyo, kisha madini yanarudi taratibu. Kutwa nzima jino lako linapoteza na kurudishiwa. Mswaki unaondoa utando, na kwa kazi hiyo mkono wako una maana kuliko dawa unayoipaka. Lakini floridi inaingia kwenye ile awamu ya kurudisha: inasaidia madini kushika upesi, na yanaposhika pamoja nayo yanakuwa magumu kuyeyuka kuliko ya mwanzo. Hiyo ni floridi inayogusa jino kwa nje baada ya kuota, tofauti kabisa na inayonywewa jino likiwa bado linajengwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, mwaka 2003 yalionyesha kuwa dawa yenye floridi hupunguza kuoza kwa meno ya watoto kwa takriban asilimia 24 kuliko isiyo nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hakuna kitu cha jikoni ninachokijua kinachofanya kazi hiyo, na tafadhali usijaribu kununua floridi ukachanganya mwenyewe. Tofauti kati ya kipimo kinachofaa na kinachodhuru ni ndogo mno kwa mizani ya nyumbani.

Ushauri wangu kwa watu wazima na kwa huyo wa miaka tisa ni huu: kama mnaipenda dawa ya nyumbani, itumieni asubuhi. Usiku kabla ya kulala, wakati mate yanapungua na jino linabaki bila ulinzi, tumieni ya dukani yenye floridi, mteme na msisukutue kwa maji. Wengine huikwepa ya dukani kwa sababu inawaletea vidonda mdomoni. Mara nyingi kinachowasumbua ni kiambato cha povu, sodiamu laurili salfeti, na zipo dawa zisizo nacho. Wakitaka cha asili zaidi, mswaki wa mti unaotoka Baringo na Turkana na kuuzwa mjini Nakuru, au kijiti cha mwarobaini, ukitafunwa hadi ncha iwe nyuzi laini na kukatwa upya kila siku, unasafisha vizuri sana. Upigwe kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Ukipeleka mbele na nyuma kwa nguvu ufizi utasogea nyuma na hautarudi tena mahali pake. Na sukari: kikombe cha chai tamu kinachonywewa kidogokidogo asubuhi nzima, au fimbo ya muwa inayotafunwa tangu mchana hadi jioni, hushinda dawa yoyote ya meno niliyoitaja.

Mtoto ninayemfikiria zaidi katika barua yako ni huyo mdogo. Meno yake ya mbele ya ukubwani yanajengwa sasa hivi. Kwake yeye dawa ya meno ni jambo dogo, maji ndiyo kazi.

Anza na kupima. Uliza ofisi ya kampuni ya maji ya eneo lako au ofisi ya afya ya umma ikuelekeze kwenye maabara, na utamke wazi kwamba unataka kipimo cha floridi, maana kipimo cha kawaida cha vijidudu hakikionyeshi. Wakati ukisubiri, mtenganishie maji: ya mvua kwa kunywa, uji, chai na kupikia, ya kisima kwa kufua na kuoga. Maji ya mvua karibu hayana floridi. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kinga inayofuata kwenye tangi lenye mfuniko, kisha uyachemshe au uyatie klorini. Kama tangi lenu ni dogo na maji hayatoshi familia nzima, yaelekeze kwa mdogo kwanza, kisha huyo wa miaka tisa. Endelea kumnyonyesha, kwa sababu maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata mama mwenyewe akinywa maji yenye floridi nyingi. Na chakula chake kipikwe bila magadi.

Kama kiangazi kinawaacha bila maji ya mvua, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilivifanyia kazi kwa miaka mingi, na watu wengi wa huko wanavifahamu. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto kali katika hewa kidogo, na kinachobaki ni madini ya ukoo mmoja na yale ya jino, yenye uwezo wa kuinasa floridi maji yanapopita. Usijaribu kuuchoma nyumbani, mifupa isiyochomwa sawasawa hutoa maji yenye rangi na harufu mbaya. Na kichujio hujaa: mkaa wake lazima ubadilishwe kwa wakati, na maji yapimwe tena, la sivyo unakunywa floridi ukiwa na moyo mtulivu.

Mpigishe mswaki huyo mdogo mara mbili kwa siku. Kipimo kikionyesha maji yenu yamezidi sana, mwone daktari wa meno mwamue pamoja kama atumie punje ile ya dawa yenye floridi au apigwe kwa maji matupu mpaka ajifunze kutema. Hapo madaktari wenyewe hutofautiana kulingana na mtoto, hali ya meno yake na kiasi cha sukari anachokula. Mimi, kama maji yake ya kunywa yamebadilishwa na analala na chupa ya maziwa yenye sukari, ningempa punje ile bila wasiwasi.

Huyo wa miaka tisa anahitaji kuonekana ana kwa ana, na mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu ya vile vishimo. Vinakusanya utando, na jino lenye florosisi kali linaweza kuoza au kumomonyoka kama mengine. Daktari anaweza kuvijaza kwa siku moja kwa kijazio cha rangi ya jino, na hilo peke yake hubadilisha sura. Madoa ya juujuu hupunguzwa kwa kusugua tabaka jembamba sana la enameli kwa dawa maalumu, kazi ya kliniki tu. Ya ndani zaidi hufunikwa. Kung'arisha kwa dawa na kuvika meno magamba ya kudumu kwa kawaida husubiri ujana upite, ufizi utulie. Si kila doa litakwisha, na gharama hutofautiana, kwa hiyo omba uelezwe hatua kwa hatua kabla ya kazi kuanza. Mtu yeyote akikuuzia maji ya chupa yanayotoa kahawia kwa dakika tano, mkimbie. Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo ni asidi.

Hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru ina kitengo cha meno, na kwa ndugu zenu wa Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kliniki ya kibinafsi pia ni sawa, mradi daktari amesajiliwa na baraza la madaktari. Mwambie daktari mahali mtoto alipozaliwa, alikoishi na maji aliyokunywa kila mahali. Habari hizo zitamsaidia kutofautisha florosisi na magonjwa mengine yanayofanana nayo. Ongea pia na mwalimu wake wa darasa. Mtoto wa miaka tisa anayeziba mdomo akicheka ameshaumia, na mwalimu akiwaeleza wenzake kwamba madoa hayo yametoka majini wala si uchafu, watakaotambua meno yao wenyewe humo darasani huenda wakawa wengi.

Kama kuna mtu mzima nyumbani aliyekunywa maji hayo kwa miaka mingi na sasa anakakamaa mgongo au viungo, amwone daktari wa kawaida na amtajie kisima. Na mtoto yeyote akivimba shavu au taya, akipata homa pamoja na jino linalouma, au akishindwa kufungua mdomo au kumeza, usimpake karafuu wala kungoja siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.